Maneno Niliyoyashona Nikiwa Mzima

Siku daktari aliponiambia nina kifua kikuu, nilirudi nyumbani nikakuta ukuta wangu mwenyewe ukinihubiria. Juu ya kiti cha mume wangu palitundikwa kitambaa cheupe chenye maua mekundu pembeni, na katikati maneno haya: UGONJWA NI MGENI, USIPOMPA KITI ATAONDOKA. Nilikishona mimi. Nilichora herufi kwa penseli, nikazifuata kwa uzi wa bluu, nikakipiga pasi ya makaa, nikakitundika kwa misumari miwili. Nilikipenda kuliko vyote nilivyowahi kushona. Sasa nikasimama mbele yake nikakohoa mpaka nikashika fremu ya mlango, na huyo mgeni hakuonyesha dalili yoyote ya kusubiri kiti.

Ninaandika haya kwa sababu najua leo kuna mtu mahali fulani ameambiwa neno lile lile, na amekaa ukingoni mwa kitanda akitazama miguu yake. Sitakueleza jinsi ugonjwa unavyoingia mapafuni. Hayo waulize wenye makoti meupe. Mimi nitakueleza habari za benchi, za makalio yaliyojaa sindano, na za watu watakaokuletea maneno matamu siku unayohitaji uji.

Miaka ile ya sabini, hapa Busia, nyumba isiyo na vitambaa ukutani na migongoni mwa viti ilionekana kama chumba cha kapera. Binti akiolewa, mama yake alihakikisha anavyo kabla hata ya kuuliza kama ana sufuria. Mimi kazi yangu ilikuwa hiyo. Nilikaa kwenye baraza la duka la mzee mmoja Mwislamu, si mbali na mpaka, na kitambaa changu cha marekani mapajani na nyuzi za rangi kwenye kopo la maziwa. Wanawake waliovuka kutoka Uganda kutafuta sabuni na chumvi, maana kwao vilikuwa vimeadimika, walisimama kusoma. Wengine walinunua na kuvificha ndani ya nguo pamoja na sabuni. Zamani tulishona KARIBU MGENI na USIKU MWEMA, basi. Kisha wifi yangu akaja na kitabu.

Wifi Selina ni dada mkubwa wa Barasa, mume wangu. Anakaa Butula. Mama yao alipokufa ndiye aliyemlea Barasa, akamwogesha, akamtetea, akamtafutia mke, yaani mimi. Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto. Kitabu alikipata kwa mwanamke wa kanisani, kikiwa hakina jalada wala kurasa za mwanzo, hivyo hatukujua kamwe nani alikiandika. Kilikuwa kitabu cha kutia watu moyo, kuhusu roho na mawazo na jinsi baraka zinavyomtafuta mtu aliyetulia. Kila sentensi yake ilikuwa kama imeandikwa ili itundikwe ukutani. Wifi alizipigia mistari zile alizozipenda, akanisomea, mimi nikashona. Kutoka Marachi mpaka Matayos wanawake wakawa wanaziagiza. Tusidanganyane, mimi pia nilizipenda. Ukiwa mzima, maneno kama yale ni matamu kama muwa.

Kikohozi kilinianza wakati wa kupalilia, mvua ndefu ikiwa bado inanyesha. Nilidhani ni baridi. Mpaka mtama unakomaa nilikuwa nikiamka nimelowa jasho kama niliyevushwa mto, na pete yangu ya ndoa nilikuwa nimeizungushia uzi ili isianguke. Wateja walianza kunisalimia kutoka barabarani. Mwenye duka hakunifukuza. Alisogeza kiti changu mpaka upande wenye upepo, akaniletea chai ya tangawizi, akasema, "Mama, wewe enda hospitali. Hii kazi itakungoja." Huyo ni mtu mmoja ambaye hakuniambia neno lolote la kutundika ukutani.

Wifi alifika siku ya pili baada ya habari kumfikia. Alikuja na kuku, kitabu, na begi tupu. Begi ndilo nililoliona mwisho.

Lazima nikuambie kuhusu Taaka. Ndiye mtoto wangu pekee aliyebaki hai, na wakati huo alikuwa na miaka mitatu, mwenye mashavu na maneno mengi. Daktari alikuwa ameniambia nisilale naye mpaka sindano zifanye kazi. Hilo nililikubali. Nilikuwa nimepanga aende kwa mama yangu, ng'ambo ya soko tu, ambako ningeweza kumwona hata kwa mbali.

"Mtoto nitaenda na yeye Butula," wifi akasema, akiwa tayari anakunja nguo za Taaka.

"Mama yangu amekubali kukaa na yeye, wifi."

"Mama yako ni mzee. Mimi ni senje wake."

Kwetu senje, yaani shangazi upande wa baba, hapingwi juu ya mtoto wa ndugu yake. Akisema mtoto anakwenda, anakwenda. Nilimtazama Barasa. Yeye alikuwa mpakiaji wa mizigo kule Malaba, mtu wa kubeba gunia la kahawa peke yake, lakini mbele ya dada yake alikuwa mtoto anayesubiri kupanguswa kamasi. Alitazama viatu vyake.

"Mpaka lini?" nikauliza.

"Mpaka upone. Na kupona si mambo ya sindano peke yake." Akafungua kitabu pale palipokuwa na uzi wangu wa kijani ndani yake. "Sikiza: 'Aliyeamini amekwisha kupona. Ni mwili tu ambao haujapata habari.' Hii ulinishonea mwenyewe, ama umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Taaka alipanda juu ya baiskeli iliyomleta senje wake, akifurahi, akanipungia mkono. Nilibaki na kikombe changu kipya cha bati, ambacho wifi alikifunga uzi mwekundu kwenye mkono wake wa kushikia ili mtu mwingine asikitumie kwa makosa. Nilichukia uzi ule. Bado nauchukia.

Wodini nilikaa miezi miwili. Sitakudanganya kwamba ni mahali pabaya kuliko vyote. Dirisha lilikuwa kubwa, uji ulikuwa moto, na mtu hakuhitaji kuficha kikohozi chake. Kila asubuhi, saa mbili, alikuja nesi anayeitwa Amoit, Mteso kwa kabila, wa upande wa Malaba, mwanamke mwenye uso wa kufunga duka. Hakuwa na salamu. "Geuka," alisema, nikageuka, sindano ikaingia. Kisha akasema, "Kesho saa mbili," akaenda kwa mwingine. Hayo tu. Hakuniuliza kama naamini. Ila niligundua kitu kimoja: asubuhi za baridi alisugua mikono yake kwanza, haraka haraka, kabla ya kunigusa. Nilikuwa nikiingoja sauti ile ya viganja.

Baada ya wiki kadhaa hapakuwa na mahali pa kuchoma. Makalio yalikuwa magumu kama ubao, nikawa nalala kifudifudi, nakula nimesimama. Sikio la kushoto likaanza kulia kama nzi ndani ya chupa, na halijanyamaza mpaka leo. Vidonge vilinitoa vipele shingoni. Kitabu cha wifi kinasema maumivu ni mwalimu. Mimi nilisoma mpaka darasa la sita, na sijawahi kuona mwalimu anayemchapa mtoto matakoni kila asubuhi asimfundishe hata herufi moja.

Kitanda cha pili alilala Mama Egesa, muuza samaki wa Matayos, mwanamke mnene aliyekuwa amekonda hadi ngozi ikamning'inia kama nguo ya kuazima. Alinichekesha mpaka nikamwomba aache kwa sababu ya mbavu. Alisema atakapopona atauza samaki wakubwa tu, wadogo wanamkumbusha mwili wake. Yeye alikuja kabla yangu, akaanza kupata nguvu kabla yangu. Mashavu yalirudi. Kikohozi kikakauka. Jumapili moja wifi Selina akaja kunitembelea, akaketi katikati ya vitanda vyetu viwili akitusomea. Sijui kwa nini siku ile alichagua ukurasa ule. Maneno yalikuwa haya: 'Ukijisikia mwepesi, umefika. Kuendelea kutafuta dawa ni kuukumbusha ugonjwa njia ya kwako.'

Mama Egesa alikaa kitako. "Rudia hapo, mama."

Wifi akarudia.

Jioni ile Mama Egesa alikuwa anakunja blanketi. Nilimwambia, "Wewe, umesikia daktari alisema nini? Dawa ni mwaka na nusu."

"Daktari ako na mshahara, mimi niko na samaki inaoza," akasema. "Na si umesikia? Mimi nasikia mwepesi. Nimefika."

"Umefika wapi? Uko Busia hospitali."

Alicheka. Akaniachia kitana chake. Asubuhi, saa mbili, Amoit alikuja akakuta kitanda kitupu, akasimama na sindano mkononi muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akisimama mahali. Akaniuliza ameenda wapi. Nikamwambia. Alinichoma, na kwa mara ya kwanza mkono wake ulikuwa mbaya.

Niliruhusiwa kwenda nyumbani watu wakitayarisha mashamba tena. Ruhusa yenyewe ilikuwa ya kulala kwangu, si ya kuacha sindano. Kila asubuhi nilitembea mpaka hospitali nikakaa kwenye benchi nje ya mlango wa Amoit. Benchi lile lilikuwa na watu wa kila aina: madereva wa malori waliokwama Malaba, watoto waliokonda, mzee mmoja aliyekuja na kuku wake kwa sababu aliibiwa mwingine mara ya kwanza alipomwacha nyumbani. Tulizoeana. Tuliulizana makohozi kama watu wengine wanavyoulizana habari za nyumbani.

Kwa kuwa mikono haiwezi kukaa bure, nikawa naenda na kitambaa changu, kile cha UGONJWA NI MGENI, na sindano yangu ndogo. Sikuwa nashona. Nilikuwa nafumua. Herufi moja, au mbili, mpaka niitwe. Nilianza na U. Uzi ulitoka bila shida, lakini matundu ya sindano yalibaki kwenye nguo, na ukikiinua kwenye mwanga bado uliweza kusoma kila neno.

Ilikuwa kwenye benchi hilo nilipopata habari za Mama Egesa. Kikohozi kilimrudia kwa hasira, na mara hii hakikusikia dawa. Alizikwa Matayos. Nililia mbele za watu, kamasi na vyote, na mzee wa kuku akanishikia kitambaa changu kisianguke mavumbini.

Wifi alipokuja mwezi ule na habari za Taaka, nilimweleza. Nilitaka aone alichofanya. Alifunga macho kidogo, akatikisa kichwa.

"Pole yake," akasema. "Hakuamini vya kutosha."

Nimeumwa, nimetapika damu, nimezika watoto wawili kabla ya Taaka. Lakini nikitaka kukasirika hadi leo, sikumbuki hayo. Nakumbuka sauti ile, tulivu, ya mtu aliyeshiba.

Kuhusu Taaka alisema yuko sawa, ananenepa, anaimba kanisani. "Anakuuliza?" nikasema. Wifi akaangalia pembeni. Barasa ndiye aliyeniambia ukweli, Jumamosi moja amerudi kutoka Malaba, akiwa amekunywa kidogo na kupata ujasiri. Mtoto alikuwa anamwita wifi mama. Mimi kule Butula nilikuwa na jina langu: Mama wa Kikohozi.

"Na wewe ulisema nini?"

"Ningesema nini? Ni dada yangu."

Miezi hiyo tulilala kama watu wawili waliopanga chumba kimoja. Hakunikimbia, hilo nampa. Ndugu zake walimwambia aoe mwingine, akakataa kwa kunyamaza, kama anavyofanya kila kitu. Aliniletea maziwa lala, yaliyoganda, kwenye kibuyu na kuyaweka mlangoni. Lakini kikombe cha uzi mwekundu hakuwahi kukigusa.

Vidonge vikaisha wakati kumbikumbi wanatoka. Makohozi yalipimwa, yakapimwa tena, yakawa masafi. Amoit alinipa habari hiyo kama anavyotoa habari zote, akitazama mlango. Nikamwambia, "Basi kesho siji."

"Kesho usije," akasema. Alisugua mikono yake, halafu akakosa la kuifanyia.

Siku iliyofuata nilimwambia Barasa tunakwenda Butula. Akasema tungoje dada atume habari. Nikamwambia angoje yeye. Alivaa viatu.

Wifi alitupokea vizuri mno. Kuku alichinjwa, firigisi akapewa Barasa kama inavyompasa mwanamume. Chai ikaletwa, na yangu ilikuja katika kikombe cha bati chenye uzi mwekundu kwenye mkono. Alikuwa ametengeneza kingine, cha kwangu nikimtembelea. Karatasi ya hospitali ilikuwa mfukoni mwangu, imesema mimi ni mzima. Sikuitoa. Taaka alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha wifi, mrefu, amesukwa nywele vizuri, akinitazama kama anavyotazamwa mganga.

"Nimekuja kumchukua," nikasema.

Wifi akashusha sauti. "Mama Taaka, mtoto amezoea hapa. Wewe bado mwili haina nguvu. Wacha kwanza. Kitabu inasema..."

"Wifi, usifungue. Soma hapo juu."

Ukutani nyuma yake, juu kabisa mahali pa heshima, palikuwa na kitambaa nilichomshonea mwaka ule kitabu kilipofika, chenye njiwa wawili. KILICHO CHAKO HAKIHITAJI KUSHIKWA. Alikuwa ameniambia ndilo neno alilolipenda kuliko yote. Na mkono wake, wakati ninaonyesha, ulikuwa umemshika Taaka kiganja.

Barasa alisoma. Wifi hakugeuka, alikijua. Kisha polepole akafungua vidole. Nikadhani nimeshinda. Nilifungua mikono yangu.

Taaka hakuja. Alipiga hatua moja nyuma, akajifunika uso kwenye sketi ya wifi, akapiga kelele, "Sitaki Mama wa Kikohozi!"

Unaona sasa maneno yale yalivyo. Kilicho changu hakikuhitaji kushikwa, na kikamkimbilia mwingine. Wifi alianza kulia. Alikuwa analia kweli, na mimi sikumhurumia, ninakuambia ukweli. Barasa ndiye aliyeinuka. Sijui alipata wapi nguvu. Alimbeba mtoto akirusha mateke, akamwambia dada yake, "Asante kwa kumlea," akatoka. Safari nzima ya baiskeli mpaka Busia mtoto alilia, na watu wakatutazama kama wezi.

Hakuna aliyeniambia kwamba baada ya kupona kuna kuugua kwingine. Taaka alikataa chakula changu. Alikataa kulala nami. Alijificha nikikohoa hata kwa vumbi. Alimwomba baba yake ampeleke kwa mama. Usiku niliokuwa nimeungoja kwa mwaka na zaidi niliulala nikitazama mgongo mdogo uliogeukia ukuta.

Nilitafuta kichwani mwangu neno la kunishika. Nilikuwa nimeyashona mengi! Yalikuja yote kwa maua na njiwa zake, na hakuna hata moja lililonifaa. Lililokuja na kukaa lilikuwa la Amoit. Basi nikafanya kama alivyofanya yeye. Sikumbembeleza mtoto, sikumwuliza kama ananipenda. Kila asubuhi, kengele ya shule ya jirani ikilia saa mbili, nilisugua mikono yangu ipate joto, nikamsuka nywele. Akikataa, nilisema, "Sawa. Kesho saa mbili." Kesho nilikuwa pale na kitana cha Mama Egesa. Kwa muda mrefu alikaa kama jiwe. Halafu siku moja akasema namvuta. Halafu siku nyingine akaniambia kuhusu paka wa Butula. Mvua ndefu ikaja, ikaenda. Uzi mwekundu niliukata mwenyewe kwa makasi, na Barasa akakitumia kile kikombe kwa uji wake bila kusema lolote, kama kawaida yake.

Kile kitambaa nilichokifumua sikukitupa, marekani ni marekani. Nilishona herufi nyingine juu ya matundu ya zamani, bila maua, kwa uzi mweusi. Wageni wakija husoma na kuniuliza ni neno kutoka kitabu gani. Nawaambia ni la hospitali, wananicheka.

Wifi Selina huja Krismasi. Tunampikia, tunazungumza. Sijamsamehe. Kitabu chake kinasema kusamehe ni kuweka mzigo chini, lakini huu wangu si mzito, nitaubeba tu. Kwako wewe uliyekaa ukingoni mwa kitanda sina neno la kukutundikia. Maliza dawa. Ukijisikia mwepesi, maliza dawa. Atakayekusomea kitabu, mwambie akuchotee maji.

Taaka alianza darasa la kwanza mwaka uliofuata. Jioni moja nilikuwa nachambua mboga, naye amelala chali sakafuni, akisoma chochote alichokiona: maandishi ya kopo, ya gunia, ya kalenda. Akafika ukutani.

"Ke-sho. Sa-a. Mbi-li." Akanigeukia. "Kesho saa mbili kuna nini, mama?"

Niliendelea na mboga, maana macho yalikuwa yamejaa na sikutaka aone.

"Kesho saa mbili utakuwa shule," nikasema.

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Hapa."